Pampu ya umeme ya dizeli inakufa kila mara: tafuta kinachoiua kabla ya kufunga nyingine

Pampu ya umeme ya kuvuta dizeli kutoka tenki na kuilisha injini, iliyofungwa baadaye kwenye lori, ikifa mara moja, huenda ni bahati mbaya. Ikifa ya pili mahali palepale, basi kuna kitu kwenye gari kinachoziua, na ya tatu utakayonunua itafuata njia hiyohiyo. Pampu hizi zina upande wa kuvuta, upande wa kusukuma na upande wa umeme. Mara nyingi kifo chake kimeanzia kwenye mojawapo ya pande hizo, nje kabisa ya pampu yenyewe, na ndiyo maana kubadilisha pampu peke yake hakumalizi kazi.

Sababu za kuzifunga ni nyingi na nyingine ni za msingi kabisa. Pampu ya kiwambo (utando unaopigapiga) iliyokuwa ikisukumwa na injini imechoka na spea yake haipatikani. Au gari lilitoka kiwandani bila pampu yoyote ya kusaidia, kama pikapu zenye injini ya Duramax lita 6.6 za 2001 hadi 2010, ambazo pampu ya presha kubwa yenyewe ndiyo inayovuta dizeli kutoka tenki. Au pampu ya kiwandani ni dhaifu na ikifa inaua kitu cha bei kubwa zaidi: mafundi wa Dodge Ram zenye Cummins 5.9 ya valvu 24, za mwishoni mwa 1998 hadi 2002, wanajua jinsi pampu ya kulisha ikilegea inavyoondoka na pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli kwa presha kubwa, aina ya VP44, kwa sababu VP44 inapozwa na kulainishwa na dizeli inayoletewa. Kwa hiyo mwenye gari anafunga pampu ya umeme ili kulinda injini. Ikianza kufa yenyewe, ulinzi umeondoka, na mara nyingi hajui mpaka nozeli zianze kugonga.

Jambo moja lazima likae kichwani muda wote wa kutafuta tatizo. Katika pampu nyingi za aina hii dizeli inapita ndani ya mota yenyewe, juu ya rota (sehemu inayozunguka) na kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota). Dizeli hiyo ndiyo maji ya kupozea na ndiyo oili ya kulainishia. Chochote kinachopunguza mafuta yanayopita, hata kama pampu inazunguka vizuri, kinaipasha moto na kuila. Ndiyo maana chujio lililoziba na waya mwembamba vinaweza kuacha maiti zinazofanana.

Vifaa vya kupimia si vingi: geji ndogo ya presha ya kuungia kwenye njia ya dizeli, geji ya vakyumu, multimita, kipande cha hosi ya plastiki inayoonesha ndani, na galoni safi yenye dizeli safi. Vipimo vyote ninavyovitaja hapa ni vya upande wa presha ndogo, kati ya tenki na pampu ya nozeli. Kwenye injini za komoni reli, ambazo nozeli zote zinalishwa na paipu moja ya presha kubwa, usilegeze paipu yoyote ya presha kubwa injini ikiwa inawaka. Presha huko inapita bar 1,600 kwenye mifumo mingi, na dizeli inayoruka kwa presha hiyo inatoboa ngozi na kuingia mwilini. Aliyepigwa nayo anapelekwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama kidonda kinaonekana kidogo kama tundu la sindano.

Pampu inalia, na sindano ya geji inachezacheza

Hii ndiyo dalili ninayoipa uzito kuliko zote, kwa sababu pampu inakuambia inakufa wakati bado unaweza kuiokoa. Sauti yake ya kawaida ni mvumo wa chini usiobadilika. Ukisikia inalia kwa sauti nyembamba, au inakwaruza kana kwamba imebeba mchanga, na sindano ya geji haitulii, pampu inavuta kwa shida au inavuta hewa.

Pampu ya umeme inasukuma vizuri sana lakini inavuta vibaya. Ikilazimishwa kuvuta kwa nguvu kupita kizuizi, presha ndani ya hosi ya kuvutia inashuka hadi hewa iliyoyeyuka ndani ya dizeli inaanza kutoka na mapovu ya mvuke yanajitengeneza. Mapovu hayo yakifika upande wa presha yanapasuka juu ya chuma, na kila yanapopasuka yanamega. Ukija kufungua pampu ya namna hiyo utakuta vishimo vidogovidogo kwenye meno au kwenye kuta za chumba chake, sehemu ambazo zilitakiwa ziwe laini kama kioo.

Anza na kipimo cha galoni. Fungua hosi inayotoka tenki kwenye mlango wa pampu, funga hosi fupi na pana, itumbukize kwenye galoni yenye dizeli safi iliyowekwa usawa wa pampu au juu yake kidogo, kisha washa. Hosi ya marejesho nayo ielekeze kwenye galoni hilohilo. Kelele ikiisha na presha ikitulia, pampu haina kosa. Tatizo liko kati ya tenki na pampu. Kelele ikibaki, ndipo uigeukie pampu yenyewe. Kipimo hiki kinachukua muda mfupi na kinaokoa pampu nyingi zinazotupwa zikiwa nzima.

Tatizo likiwa upande wa tenki, funga geji ya vakyumu karibu na mlango wa kuvutia. Ikizidi takriban 0.2 bar injini ikiwa kwenye mzigo, mimi natafuta kizuizi na siendelei na kitu kingine. Tafuta kwa mpangilio huu.

Kichujio cha chini ya bomba la kuvutia ndani ya tenki. Hiki kinasahaulika kwa sababu hakionekani. Tenki lenye maji chini linazalisha utando mweusi au wa kahawia wa vijidudu wanaoishi kati ya maji na dizeli, na utando huo unakaa kwenye wavu kama kitambaa. Dalili yake ni ya pekee: gari linakwenda vizuri nusu saa, linakosa nguvu, linazima, ukikaa kidogo linawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Uchafu ulivutwa ukaganda kwenye wavu, pampu ilipozima ukaanguka. Ukiona hivyo, kubadilisha filta za nje hakusaidii, tenki lishushwe lisafishwe.

Pumzi ya tenki. Kifuniko kikiziba au kipaipu cha kupumulia kikijaa matope, dizeli inatoka tenki lakini hewa haiingii kuchukua nafasi yake, na vakyumu inaongezeka kadiri unavyokwenda. Legeza kifuniko. Ukisikia hewa ikiingia kwa mluzi na gari likapata nguvu, umelipata.

Hosi. Hosi ya mpira wa kawaida ikilowa dizeli miaka mingi, hasa dizeli yenye mchanganyiko wa mafuta ya mimea, inavimba na tabaka la ndani linaachana na la nje. Kwa nje iko nzima kabisa. Kwa ndani kuna ulimi wa mpira unaojifunga kila pampu inapovuta kwa nguvu na kufunguka pampu ikitulia. Ukipuliza kwa mdomo hewa inapita bila shida, na ndipo fundi anapohama kwenda kutafuta kwingine. Hosi ya upande wa kuvuta yenye shaka nakata, siiamini kwa macho.

Urefu na kimo. Kila mita moja ambayo dizeli inapandishwa kabla ya kufika kwenye pampu inagharimu karibu 0.08 bar ya vakyumu, kabla hujahesabu hosi wala chujio. Kwa hiyo pampu iliyofungwa juu karibu na injini, mbali na tenki, imeanza maisha yake ikiwa na deni. Mahali pake ni kwenye chesisi, karibu na tenki, chini kadiri inavyowezekana bila kugongwa na mawe. Nimeona pampu nyingi zimefungwa kwenye ukuta wa injini kwa sababu tu nafasi ilikuwepo na mikono inafika kwa urahisi. Hapo zinapata joto la injini, mtikisiko, na mvuto mrefu kwa pamoja.

Kisha hewa. Upande wa kusukuma ukiwa na tundu, dizeli inadondoka na utaiona. Upande wa kuvuta ukiwa na tundu, mara nyingi haudondoshi hata tone pampu ikiwa inafanya kazi. Unanyonya hewa kimyakimya. Weka kipande cha hosi inayoonesha ndani kabla ya pampu na uangalie. Povu moja moja mwanzoni, baada ya kubadilisha filta, ni kawaida. Mkondo wa mapovu usioisha ni kleme iliyolegea, ni oringi iliyochoka, au ni raba ya filta ya zamani iliyobaki imenata kwenye kichwa ikawekewa mpya juu yake. Hili la raba mbili linatokea kuliko watu wanavyodhani.

Sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa) iko sawa, lakini mlimani nguvu inakwisha

Injini ikinguruma bila kukanyagwa inahitaji dizeli kidogo mno, hivyo hata pampu iliyo hoi itaonekana nzima. Geji isomwe gari likiwa kwenye mzigo. Ipitishe hosi hadi uweze kuiona ukiwa umekaa ndani, au mtu wa pili aisome, kisha panda mlima. Presha ikishuka taratibu kadiri unavyokanyaga, kuna kitu kinachobana: filta, hosi, au pampu imekula ndani. Ikikaa imara huku nguvu inapotea, acha kuisumbua pampu. Angalia hewa ya injini, tabo (turbo), nozeli.

Mara nyingine kosa lilifanyika siku ya kununua. Pampu ya petroli ya gari la kabureta inatoa kati ya 0.3 na 0.5 bar na mafuta kidogo, na ilitengenezwa kwa kimiminika chepesi. Dizeli ni nzito zaidi: kiwango cha Ulaya cha EN 590 kinataka mnato wake uwe kati ya 2.0 na 4.5 mm² kwa sekunde kwenye nyuzi 40, wakati petroli iko chini ya 1. Pampu ya petroli itasukuma dizeli, ndiyo, lakini mota inafanya kazi ambayo haikupangiwa na raba zake huenda hazikuchaguliwa kwa ajili ya dizeli. Zile pampu ndogo zinazopiga tik-tik-tik zinafaa kulisha injini ndogo yenye pampu ya nozeli ya zamani. Ukiifunga kwenye injini ya komoni reli umeinyima injini chakula, kwa sababu mifumo hiyo inazungusha dizeli nyingi kuliko inayoungua, na inayobaki inarudi tenki ikiwa ya moto. Pampu ichaguliwe kwa lita kwa saa chini ya presha inayotakiwa. Namba kubwa ya lita iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida imepimwa bila presha yoyote, na haisemi lolote kuhusu gari lako.

Kinyume chake pia ni hatari. Ukiweka pampu yenye presha kubwa mno mbele ya pampu ya nozeli ya mzunguko ya zamani, unaisukuma sili yake ya shafti, na unaweza kuvuruga taimingi kwa kuwa presha ya ndani ya pampu hizo ndiyo inayoiongoza. Tafuta kipimo cha presha ya kuingilia kwenye kitabu cha injini hiyo na ukiheshimu.

Fyuzi inakatika, rilei inayeyuka, au pampu inazima ikipata moto

Mafundi wengi wa dizeli wanapita haraka hapa, na ndipo palipojaa vifo visivyo vya lazima.

Kupima kama kuna moto (umeme) kwa taa ya kupimia hakutoshi. Taa inawaka hata moto ukiwa umepungua volti mbili. Weka multimita kwenye taminali za pampu yenyewe, pampu ikizunguka na injini ikiwaka, kisha linganisha na volti za betri wakati huohuo. Tofauti ikizidi nusu volti kwenye mfumo wa volti 12, kuna mahali moto unapotea. Gawa safari: pima kutoka chanya ya betri hadi chanya ya pampu, halafu kutoka hasi ya pampu hadi hasi ya betri. Upande wenye namba kubwa ndio wenye ugonjwa. Mara nyingi ni ethi, yaani njia ya hasi kupitia chesisi: waya umefungwa kwa skrubu juu ya rangi au juu ya kutu ya chesisi, na siku ya kufungwa ulifanya kazi vizuri.

Waya wenyewe una hesabu yake. Chukua pampu inayokula ampea 8 na waya wa shaba wa mm² 1.5 wenye urefu wa mita 6: waya huo peke yake unameza zaidi ya nusu volti. Wa mm² 4 unameza karibu 0.2 tu. Ongeza rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya bei rahisi, viunganishi viwili vilivyobanwa kwa koleo, na ethi yenye kutu, na pampu ya volti 12 inajikuta inaishi kwa 11 au chini. Inazunguka polepole, inapitisha dizeli kidogo, inapoa kidogo. Na ikiwa njiani kuna uchafu unaotaka kuikwamisha, haina nguvu ya kuupita. Mota ya namna hii ikikwama huku moto unaendelea kuja, ampea zinapanda ghafla na ndipo harufu inapoanza.

Pampu ipewe waya wake kutoka betri, fyuzi karibu na betri, rilei katikati, na swichi ya funguo iamrishe rilei tu. Kuchukua moto wa pampu moja kwa moja kutoka kwenye waya wa swichi ya funguo ni kuiua pampu na swichi pamoja.

Fyuzi ikikatika, usiweke kubwa zaidi. Pima ampea kwanza. Ampea zikiwa juu kuliko zilizoandikwa na mtengenezaji, kuna mambo matatu: pampu inasukuma dhidi ya kitu kilichoziba, kuna uchafu ndani unaoisugua, au waya umechubuka na kugusa chesisi. Funga galoni ulilotumia mwanzo kwenye upande wa kutokea, pampu ikimwaga bila kizuizi. Ampea zikishuka hadi kawaida, kizuizi kiko mbele: filta, au valvu ya kupunguzia presha iliyokwama, au paipu ya marejesho iliyobanwa. Zikibaki juu, kosa liko ndani ya pampu au kwenye waya.

Ya kuzima ikipata moto na kuwaka ikipoa ina dalili inayofanana na ile ya wavu wa tenki, kwa hiyo tenganisha. Gari likizima, gusa pampu na pima volti papo hapo kabla haijapoa. Volti zipo na pampu haizunguki, ina joto la kuunguza mkono: kaboni zimeisha au zimekwama. Volti hazipo: rilei au kiunganishi. Pampu inazunguka na inalia: rudi kwenye tenki.

Kwa malori ya volti 24 kuna kosa lenye madhara mapana zaidi. Mwenye gari anapata pampu ya volti 12, na fundi anaiunga kwenye betri moja kati ya mbili. Pampu inafanya kazi. Lakini betri ile moja inatoa moto ambao mwenzake hatoi, wakati alteneta inazichaji zote mbili kama kitu kimoja. Betri moja inabaki na njaa, nyingine inachajiwa kupita kiasi mpaka maji yake yanakauka, na pampu inapata volti zinazoyumba. Tafuta pampu ya volti 24, au weka kipunguza volti chenye uwezo wa ampea za kutosha. Na pampu ya volti 12 ikiunganishwa kwa 24 kwa bahati mbaya, hata kwa muda mfupi, usiirudishe kwenye gari la kazi.

Inazunguka, haisukumi chochote

Kwanza angalia waya. Mota za kaboni zenye sumaku ya kudumu zikigeuziwa chanya na hasi zinazunguka kinyumenyume, na unasikia mvumo wa kawaida bila dizeli kutoka. Pili, pampu imekauka: baada ya kubadilisha filta au kuishiwa na mafuta, nyingi hazina uwezo wa kuvuta hewa kutoka hosi ndefu. Jaza filta dizeli safi, lowesha pampu, toa hewa. Usiiache ikizunguka kavu dakika nzima ukisubiri ijivutie. Huko ndani chuma kinasugua chuma bila kilainishi.

Tatu, valvu ya kupunguzia presha imebaki wazi na dizeli inazunguka ndani kwa ndani. Ukiifungua, chunguza ile sehemu inapokalia kwa makini. Mara nyingi utakuta uzi mweupe mwembamba, kipande cha tepu ya kuzibia nyuzi za paipu. Tepu hiyo haina kazi kwenye njia ya dizeli. Inakatika wakati wa kukaza, inasafiri, na inalala pale palipo na nafasi ndogo kuliko zote. Gamu ya silikoni inafanya hivyohivyo. Tumia viunganishi vyenye oringi au washa, au gamu ya maji inayokubali dizeli, ukiacha nyuzi mbili za kwanza zikiwa tupu. Na usitumie viunganishi vilivyopakwa zinki. Zinki na dizeli zinatengeneza utando wa sabuni unaoishia kwenye filta na nozeli.

Asubuhi gari linakataa kuwaka

Dizeli imerudi tenki usiku. Valvu ya kuzuia isirudi imechoka, au hewa inaingia mahali. Ukiwasha swichi ukaacha pampu ijaze njia kwanza, halafu ukapiga stata na injini ikawaka mara moja, umethibitisha. Hii haiui pampu leo, lakini kila asubuhi inaianza siku ikiwa na hewa ndani yake.

Oili ya injini inapanda

Vuta dipstiki. Oili ikiwa juu ya alama, nyepesi, na inanuka dizeli, usiwashe tena. Kama pampu ya zamani ya kiwambo imeachwa kwenye mstari na ya umeme inasukuma kupitia kwake, kiwambo kikipasuka dizeli inamwagika moja kwa moja kwenye oili. Sili ya shafti ya pampu ya nozeli ikishindwa, matokeo ni yaleyale. Oili iliyochanganyika hailainishi beringi, na ikizidi sana injini inaweza kuanza kuila na kupanda mizunguko yenyewe hata ukiizima kwa funguo. Pampu ya kiwambo itolewe kabisa kwenye mstari na tundu lake lizibwe kwa bamba.

Pasua iliyokufa

Kabla hujaagiza mpya, ipasue ya zamani kwenye karatasi nyeupe. Imekwisha kufa, haina cha kupoteza, na inaeleza mengi. Kutu ya kahawia kwenye rota na chumba: maji, chujio la kutenganisha maji halipo au halimwagwi. Mikwaruzo mirefu inayozunguka: mchanga umepita, hakuna chujio kabla ya pampu, au lililopo limepasuka. Vishimo bila mikwaruzo: mapovu, yaani mvuto mgumu. Raba zilizovimba na kulainika: dizeli yenye mchanganyiko ambao raba hizo haziukubali. Chuma kilichong'aa na kubadilika rangi kuwa bluu: ilizunguka kavu. Kaboni zilizokwisha sawasawa pande zote, huku kila kitu kingine kikiwa safi: hiyo imekufa kwa uzee, na ndiyo pekee ambayo unaweza kuibadilisha bila kuuliza maswali zaidi.

Dizeli yenyewe nayo ina mchango. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hailainishi vya kutosha, na viwango vinakubaliana kwamba ulainishaji ni jambo la kupimwa: EN 590 inaruhusu kovu la msuguano lisizidi mikroni 460 kwenye kipimo chake, na kiwango cha Marekani cha ASTM D975 mikroni 520. Pampu ya umeme inaonja ubaya wa dizeli mwanzo, kabla ya nozeli.

Nazo feki zipo. Nyepesi kuliko zinavyopaswa, maandishi yanafutika kwa kidole chenye dizeli, hakuna ampea wala presha iliyoandikwa popote. Pampu isiyotaja ampea zake huna namna ya kuichagulia fyuzi, na hiyo pekee inatosha kuiacha dukani.

Siku ya kufunga mpya

Kwa upande wa kuvuta weka chujio la mashimo makubwa, kama mikroni 100 hadi 150, pamoja na kitenganisha maji kinachopitisha dizeli nyingi bila kubana. Chujio laini la mikroni chache liwe baada ya pampu, mahali ambapo nguvu ya kusukuma inaweza kulishinda. Ukiliweka kabla ya pampu, likaanza kuziba, pampu itakuwa ya kwanza kulipia.

Fungia pampu kwenye raba, waya zikiwa na kitanzi cha chini ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye kiunganishi. Rilei yake ipitishe amri kwenye swichi ya presha ya oili, ukiacha njia ya pembeni ya kuisaidia wakati wa stata, ili injini ikizima kwa ajali pampu nayo izime na isiendelee kumwaga dizeli juu ya eksozi yenye moto.

Baada ya hapo andika namba nne kwa kalamu isiyofutika kwenye kipande cha bati karibu na filta: presha ya sailensa, presha ya mzigo, vakyumu ya kuvuta, na volti kwenye taminali. Rudi uzipime baada ya kubadilisha filta ya kwanza. Vakyumu ikiwa imepanda, shuka kwenye tenki. Volti zikiwa zimeshuka, fungua ethi usugue.